Nani Alimkasirisha?

Katika daftari langu la Kiswahili kuna sentensi moja iliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Niliiandika mwaka 2022, mwezi wangu wa tatu darasani, siku mwalimu alipotuagiza tutunge sentensi kumi zenye vitenzi vya hasira na huzuni. Ya nne ilisema: "Dada yangu alikasirika, akarudi Kenya." Sarufi haikuwa na kosa. Hata hivyo mwalimu alipiga mstari chini ya "alikasirika", na pembeni akaandika swali: "Nani alimkasirisha?"

Nilidhani ni zoezi tu. Wiki ile tulikuwa tunajifunza jinsi kitenzi kinavyobadilika mwishoni: huyu hukasirika, yule humkasirisha. Nikaandika chini yake kwa penseli, "Baba mdogo alimkasirisha," nikarudisha daftari. Nikapewa vema. Vema ile ilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu langu lilikuwa la kweli nusu, na nusu iliyobaki nilikuwa naijua.

Kwanza nieleze jinsi mtu anavyokasirika hapa Juba, maana msomaji wa Mombasa au Dodoma huenda asijue. Nyumbani mama yangu husema Kidinka. Barabarani, sokoni na kwa muuza chai ni Kiarabu cha Juba. Shuleni na ofisini ni Kiingereza, ambacho katiba ya mwaka 2011 inakitaja kuwa lugha rasmi. Kiswahili kilikuwepo pembezoni, huko Yei na Kajo-Keji karibu na mipaka ya Kongo na Uganda, kisha kikaja mjini na wafanyabiashara wa soko la Konyokonyo, na madereva wa malori ya barabara ya Nimule, na ndugu zetu waliorudi kutoka kambini. Nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, hata wakubwa wakaanza kukitaja. Mimi nilikwenda darasani kwa sababu ya kazi. Sitadanganya kwamba nilikwenda kwa ajili ya dada.

Basi kwa Kiarabu cha Juba, neno ni moja: zalan. Mtoto aliyenyang'anywa embe ni zalan. Mke ambaye mumewe hakurudi usiku ni zalan. Jirani aliyekoseshwa usingizi na jenereta yako ni zalan, na aliyefiwa kisha hakuna aliyekuja kumwona, naye pia ni zalan. Ukimkuta mtu amekaa kimya unamwuliza, "Ita zalan ashan shunu?", yaani, umekasirika kwa sababu gani? Yeye atajibu kwamba hana neno. Utamwambia "mata zalan", usikasirike, na chai itaendelea kunywewa. Neno hili halisemi kama mtu ameumia, ameudhika au amechukia. Wala halisemi nani amemfanyia nini. Nililitumia miaka mingi bila kuona upungufu wowote.

Neno la pili ni taban. "Ana taban" huweza kuwa nimechoka, au naumwa, au nimo katika shida, na msikilizaji huchagua mwenyewe. Kwetu ni jina la mtu pia. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanamjua Taban lo Liyong, mwandishi aliyefundisha Nairobi na baadaye Chuo Kikuu cha Juba, ambaye mwaka 1968 pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe. Nilipokutana na "taabu" kitabuni nilifurahi kama mtu aliyekutana na binamu stendi ya basi. Maneno haya yana asili moja ya Kiarabu, lakini hayakulelewa nyumba moja. Taban yetu iko ndani ya mtu. Taabu ya Kiswahili iko nje: unaipata, au mtu anakupa.

Darasa letu lilikuwa la jioni, watu kumi na wanne na taa moja ya sola. Mwalimu ni mama wa makamo kutoka Tanga, anayetuita "wanangu" hata wale wenye mvi. Alikuwepo nesi aliyekulia Kakuma, kijana wa boda boda aliyeokota Kiswahili chake Arua, na mzee mmoja wa Yei aliyekijua tangu utoto ila hakuwahi kukiandika. Siku ya hasira, kama tulivyoiita baadaye, mwalimu aliandika "kukasirika" ubaoni, na nusu ya darasa tukatazamana. Kwa Kiarabu cha Juba, kasuru ni kuvunja. Sikio langu lilisikia kitu kilichovunjika, na lile -ika la mwishoni, kama lile la kuvunjika kwenyewe, likazidi kunithibitishia. Mwalimu alituonya kwamba maneno mawili kufanana masikioni si ushahidi kuwa ni ndugu. Ni sawa. Lakini mpaka leo nikisikia mtu amekasirika, kwanza huona kikombe sakafuni.

Siku hiyohiyo niliaibika. Kidinka cha mama yangu huiweka hasira moyoni: mtu aliyeudhika, moyo wake umeharibika, mwenye furaha, moyo wake ni mtamu. Nami nilitaka kueleza jambo lililoniudhi kazini, nikatafsiri nilivyoweza: "Mwalimu, moyo unanichafuka." Mwalimu aliweka chaki chini akaniuliza kama nataka kutapika. Nesi alikwisha kuinuka kutafuta ndoo. Kumbe moyo unaochafuka ni kichefuchefu, na kwao Tanga dawa yake ni kunusa ndimu. Darasa lilicheka hadi mzee wa Yei akafuta machozi, halafu akanitetea: akasema hata Kiingereza kina ugonjwa huo, kwani "upset" ni mtu aliyeudhika na ni tumbo lililovurugika vilevile.

Baada ya kicheko mwalimu alitupa maneno mengi kuliko tuliyoweza kuyabeba. Kuudhika, kukereka, kuhamaki, kughadhibika, kufura, kuwa na kinyongo, kuwa na dukuduku. Mengine nimeyasahau na sioni hasara. Ghadhabu, kwa mfano, naiachia vitabu. Sijamwona mtu wa kawaida akighadhibika Konyokonyo. Lakini mawili yalinikaa: kununa na kususa. Anayenuna hukunja uso na kunyamaza, na mwalimu alisema mtu hanuni akiwa peke yake chumbani. Hununa mbele ya yule anayetaka amwulize. Anayesusa huenda mbali zaidi. Hukataa kitu anachokihitaji, hasa chakula, kwa sababu ya aliyekitoa au aliyekaa karibu nacho. "Ana njaa," mwalimu alisema, "lakini hasira yake ina njaa zaidi."

Hapo ndipo niliacha kuandika.

Dada yangu ananizidi miaka mitatu. Vita vilipoanza hapa Juba Desemba 2013 alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka uliofuata shangazi alikwenda Kakuma, na aliweza kuchukua mtoto mmoja tu, akamchukua yeye. Mimi nilibaki na mama. Baba alikuwa amekwisha fariki. Huko kambini dada alisoma, akasuka nywele, akaishi na Wasomali, Wakongo na Warundi, na lugha iliyowaunganisha wote ilikuwa Kiswahili. Aliporudi mwaka 2019 Kiarabu chake kilikuwa cha mtoto. Kidinka alizungumza na mama. Mambo yake mwenyewe, yale ambayo mtu huyasema akiwa anaosha vyombo na hajui kama anasikika, aliyasema kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kuyaelewa.

Alipata kazi ya kusuka chini ya mwarobaini, karibu na barabara ya Gudele. Pesa alizihifadhi katika kopo la maziwa ya unga, nyuma ya gunia la mtama. Alitaka kukodi kibanda chake, chenye kioo na viti viwili na bati lisilovuja, asikimbie kila mvua inaponyesha. Alitueleza sote, hata vipimo vya kioo.

Mwanzoni mwa 2021 ada yangu ya chuo ilikuwa haijalipwa, na siku ya mwisho ilikuwa imekaribia. Baba mdogo, ambaye tangu baba afariki ndiye mwenye neno katika nyumba yetu, alikuja usiku dada akiwa kwa jirani msibani. Aliuliza kopo liko wapi. Hakumwuliza mama. Aliniuliza mimi.

Nilimwonyesha kwa kidevu. Sikufungua mdomo, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kutofungua mdomo kulikuwa na maana.

Asubuhi yake dada alilikuta kopo likiwa tupu. Hakupiga kelele. Baba mdogo alimweleza kwamba msichana ataolewa na mvulana ndiye atakayebaki na jina la nyumba, kwa hiyo pesa zimekwenda mahali pake. Mimi nilimwambia neno moja: "Malesh." Halafu nikaenda kulipa.

Wiki zilizofuata alianza kusema "nimechoka". Hilo nililielewa, maana nilimwuliza tafsiri yake akanipa: taban. Nikaona ni haki yake, kusuka ni kazi ya kusimama. Nikawa namwambia akalale. Akisema nimechoka, nasema, lala basi. Nilimletea hata mto. Wakati huohuo aliacha kula nikiwa nimekaa kwenye sinia. Kisra ilikuja, mboga ikaja, naye akasema ameshiba. Mama alidhani amefunga kwa ajili ya maombi. Nami nilidhani anataka kupungua unene, jambo ambalo leo naona haya hata kuliandika.

Mwezi wa Juni alipanda basi la kwenda Nimule, kisha Kampala, kisha Eldoret, kwa rafiki waliyesoma naye Kakuma. Aliniaga kwa kunipa mkono.

Kwa hiyo niliposikia maana ya kususa, mwaka mmoja baadaye, chini ya taa ya sola, niliona sinia la kwetu. Nikanyoosha mkono nikauliza jambo ambalo darasa halikulitarajia: "Mwalimu, nimechoka, ni ya hasira au ni ya usingizi?"

Alifurahi kwa swali. Alisema hapo kuna "na" ya kuangaliwa: nimechoka ni ya mwili, nimechoka na mambo yenu ni ya moyo. Lakini mara nyingi, akasema, mtu huimeza ile "na" pamoja na kila kinachoifuata, kwa heshima au kwa kukata tamaa. Basi utajuaje? "Tazama saa," akasema. "Mtu akikuambia nimechoka jioni, mpe maji ya kuoga. Akikuambia nimechoka asubuhi, kabla hajashika kazi yoyote, huyo hajachoka mwili."

Dada yangu alikuwa akiisema asubuhi, anapofunga kitambaa kichwani. Nami nilikuwa namwambia arudi kulala.

Nikarudi kwenye ile kalamu nyekundu. Zalan ingenihifadhi. Ningeandika kwa Kiarabu cha Juba kwamba dada yangu alikuwa zalan, na pasingekuwa na nafasi ya mtu mwingine yeyote katika neno hilo. Kiswahili kina mlango pale katikati. Umeniudhi: u ni wewe, ni ni mimi, na tendo linafuata. Katika neno moja watu wawili wamesimama wanatazamana. Dada hakuwahi kuniambia neno hilo, ingawa alikuwa nalo. Nadhani aliona hakuna faida ya kulisema kwa mtu ambaye angelitafsiri kuwa usingizi.

Nilifuta jibu la penseli. Nikaandika kwa wino: "Mimi nilimkasirisha. Nilimwudhi." Mwalimu aliporudisha daftari hakuweka vema wala mkasi. Alisahihisha herufi moja tu, akaandika nilimuudhi.

Ilibaki kumwambia mwenyewe, na hapo nilikwama kwenye malesh. Neno hili kwetu hufanya kazi mbili. Ukimkanyaga mtu, malesh. Ukisikia mtu amekanyagwa na mwingine, malesh. Kiingereza kilichozoeleka Afrika Mashariki hufanya hivyohivyo; ukijikwaa Kampala mtu usiyemjua atakuambia "sorry", na Mwingereza hushangaa mbona anaomba radhi kwa jiwe lisilo lake. Kiswahili kimezitenganisha kazi hizo. Pole ni ya aliyepatwa na jambo, na anayeitoa si lazima awe na kosa. Nisamehe ni ya mkosaji. Samahani iko kati, lakini nyepesi. Utaisikia hata kwa mtu anayetaka kupita kwenye kiti. Kwa hiyo siku ile ya kopo, dada yangu, mwenye lugha inayotofautisha, alipokea malesh yangu na akabaki kuipima: huyu ananihurumia, au anakiri?

Nilianza na pole. Nakiri kwamba niliichagua nikijua nachagua nini. Nilimtumia ujumbe wa sauti, Kiswahili changu kikitetemeka kwenye ngeli: pole sana dada kwa yale mambo ya pesa. Alijibu baada ya saa moja, kwa maandishi.

"Pole ya nini? Nani amekufa?"

Nilikaa na simu ile siku mbili. Kisha nikaandika: "Nisamehe, dada. Sikujua kwamba baba mdogo angezichukua zote."

Jibu lilikuja upesi safari hii. "Ulijua."

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba wakati uliopita una sura mbili, nilijua na sikujua, na kwamba zote ni nyepesi kukariri. Nilizitazama pale kwenye kioo cha simu, yake juu ya yangu. Nikaandika: "Ndiyo. Nilijua. Mimi ndiye niliyemwonyesha kopo lilipo." Nikatuma kabla sijapata muda wa kuipamba.

Alama mbili zilibadilika rangi, yaani amesoma. Siku ya kwanza hakujibu, ya pili wala ya tatu. Nilijiambia amenuna, kisha nikakumbuka kwamba anayenuna hutaka kuonekana, na yeye yuko Eldoret. Siku ya nne aliuliza goti la mama linaendeleaje. Nikamwambia. Siku ya tano akauliza: "Zilikuwa ngapi?"

Angeweza kuwa anajaribu kama nakumbuka, au labda yeye mwenyewe alikuwa hajamaliza kuzihesabu wiki ile. Nilimjibu: dola 310. Nilizijua kwa sababu nilizihesabu mimi, noti moja moja, kwenye dirisha la mlipa ada, na nyingine zilikuwa bado zina mafuta ya nywele.

"Eeh," akaandika. "Ni hizo."

Sasa nina kazi, si kubwa. Kila mwisho wa mwezi nikipata kitu huenda kwa wakala mmoja Konyokonyo anayepeleka pesa Kenya, naye huzifikisha kwenye simu yake. Baba mdogo hajui, na mama anajua. Mwezi uliopita nilituma fungu la tatu, nikamwandikia kwamba namtumia. Dada hajasema kama amenisamehe, na sijamwuliza. Alichosema ni kwamba pesa zikiwa zimeshaondoka mkononi mwangu hatusemi "nakutumia". Nitume kwanza, kisha niandike "nimekutumia".